Faili Limeharibika: Kutafuta Chanzo Katika Programu za Kupamba Eneokazi

Katika steshenari za Mwanga na katika ofisi za Kigoma Mjini si ajabu siku hizi kukuta kompyuta iliyopambwa kwa saa kubwa, kipimo cha betri na hali ya hewa juu ya eneokazi. Programu inayojulikana sana kwa kazi hiyo kwenye Windows ni Rainmeter, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Wapo wanaotosheka na mandhari za Windows zenyewe, na wapo wachache wanaothubutu kubadilisha mpaka vitufe na kingo za madirisha. Kwa wote hao siku moja hutokea kwamba kifurushi kipya kinakataa kufunguka, au kompyuta inawashwa asubuhi na ujumbe unasema faili limeharibika na halisomeki. Hapo ndipo fundi huitwa, na fundi mwenye haraka hushauri kupiga Windows upya. Naupinga ushauri huo unapotolewa kabla ya uchunguzi, kwa sababu unagharimu muda na bando, unahatarisha kazi za mwenye kompyuta, na mara nyingi haugusi chanzo: kama flashi ndiyo mbovu, Windows mpya itapokea faili lile lile bovu kutoka kwenye flashi ile ile.

Ujumbe wa faili kuharibika hauelezi uharibifu umetokea wapi. Unachosema ni kwamba programu ilitarajia kukuta data katika mpangilio fulani na haikuukuta. Faili hilo lilipakuliwa kutoka mtandaoni, pengine likabebwa kwenye flashi, likaandikwa kwenye diski, kisha likasomwa, na katika kila hatua kati ya hizo linaweza kuharibika au kuonekana limeharibika ilhali ni zima. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye kompyuta ni kama faili hilo limewahi kufanya kazi kwenye mashine hiyo hiyo. Kama halijawahi, chunguza upakuaji na usafirishaji. Kama jana lilifanya kazi na leo limekataa, chunguza umeme, antivirusi, masasisho ya Windows na afya ya diski. Swali hilo moja huondoa nusu ya mashaka kabla hujagusa kitufe.

Kabla ya kurekebisha chochote, funga Rainmeter kabisa, kisha nakili folda mbili mahali pengine: Documents\Rainmeter, ambamo skini zimo, yaani yale mapambo yenyewe kama saa na kipimo cha betri, na %APPDATA%\Rainmeter, ambamo mipangilio imo (jina lenye alama za % liandike hivyo hivyo kwenye upau wa anwani wa Explorer, dirisha la mafaili la Windows). Nakala hiyo ichukuliwe hata kama unaamini mafaili yote yamekwisha haribika, kwa kuwa jaribio la kutengeneza ndilo linaloweza kufuta kipande cha mwisho kilichokuwa kinasomeka.

Kifurushi kipya kinakataa kusakinishwa

Kifurushi cha skini za Rainmeter huwa na jina linaloishia na .rmskin. Kwa ndani ni faili la ZIP lililoongezewa alama fupi mwishoni, nayo alama hiyo hutafutwa na kisakinishi kabla ya kuendelea. Faili la ZIP lenyewe nalo huweka orodha ya yaliyomo mwishoni, si mwanzoni. Mambo hayo mawili yanaeleza kwa nini kifurushi kilichokatika kidogo tu mwishoni kinakataliwa chote, hata kama asilimia 98 ya data yake imefika salama. Hapa kwetu sababu ya kukatika ni ya kawaida kabisa: bando limeisha katikati ya kupakua, au mtandao umeyumba na kivinjari kikakata tamaa.

Anza kwa kulinganisha ukubwa wa faili lililoko kwenye diski na ule unaotajwa mahali lilipopakuliwa. Tazama pia mwisho wa jina. Chrome hulipa faili ambalo halijamalizika jina linaloishia na .crdownload, na Firefox hutumia .part, nimeona vijana wakifuta viambishi hivyo kwa mkono wakidhani wamelitengeneza faili, ilhali wamebadilisha jina la faili pungufu, na upungufu wake umebaki pale pale.

Kama ukubwa haukusaidii kuamua, fungua faili kwa Notepad na utazame herufi za kwanza tu, kisha ulifunge bila kuhifadhi. Sisitiza hilo kwa yeyote unayemfundisha, kwa maana kuhifadhi faili la aina hii kutoka kwenye Notepad ni kuliharibu kwa hakika. Faili la ZIP, na kwa hiyo kifurushi cha .rmskin, huanza na herufi PK. Kifurushi cha mandhari ya Windows, kinachoishia na .themepack au .deskthemepack, huanza na MSCF kwa kuwa kwa ndani ni faili la kabati, aina ambayo Microsoft imeitumia kwa miaka mingi. Ukikuta mwanzoni maandishi ya <!DOCTYPE html, basi ulichopakua si kifurushi bali ni ukurasa wa wavuti, labda ule unaokutaka uingie kwenye akaunti kwanza au ule unaokuarifu kwamba kiungo kimekwisha muda. Faili la namna hiyo huwa dogo mno, la kilobaiti chache, na hakuna programu ya kutengeneza mafaili itakayoligeuza kuwa skini. Dawa ni kupakua tena kutoka kwenye kiungo sahihi.

Panapokuwa na alama ya SHA-256, yaani alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na maudhui ya faili, iliyotolewa na mwenye programu, itumie. Fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe tarakimu na herufi 64 zinazotokea na zile zilizotangazwa. Zikilingana zote, faili ni lile lile lililotoka kwa mwenyewe na unapaswa kutafuta kosa kwingine; ikitofautiana hata moja, acha kuhangaika na upakue upya. Ni kipimo bora kuliko vyote nitakavyovitaja hapa, na inasikitisha kwamba waandaaji wengi wa skini hawakitoi.

Kuna hali ambayo faili ni zima lakini kifurushi hakikutengenezwa ipasavyo. Mtu amebana folda yake kwa ZIP, akabadilisha mwisho wa jina kuwa .rmskin, na sasa kisakinishi kinakikataa kwa kuwa ile alama ya mwishoni haipo. Jaribu kukifungua kwa 7-Zip, programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa. Kikifunguka na ukakuta folda ya skini ikiwa kamili, inakili ndani ya Documents\Rainmeter\Skins, kisha uiamuru Rainmeter isome upya skini zote. Iwapo ndani yake mna pia programu-jalizi zenye mwisho wa .dll, usizikubali mpaka ujue zimetoka kwa nani, kwa sababu hizo ni programu kamili zenye uwezo wa kufanya lolote kwenye kompyuta. Programu-jalizi ya biti 32 haipakiki ndani ya Rainmeter ya biti 64, na kinyume chake vilevile. Skini itaonekana na makosa huku mafaili yote yakiwa salama.

Faili lilikuwa zima kwenye kompyuta ya kwanza

Kwa kuwa bando ni ghali, mmoja hupakua na kumi hunakili. Kifurushi hutoka Kigoma Mjini kikaenda Kasulu, Uvinza au Kibondo mfukoni mwa mtu, na kule kinafunguliwa na kukataliwa. Windows ikitoa namba 0x80070570 ina maana kwamba faili au folda imeharibika na haisomeki. Ikitoa 0x80070017 ina maana kwamba data iliyosomwa haikulingana na hesabu ya ukaguzi. Zote mbili zikitokea wakati wa kunakili kutoka kwenye flashi, ishtaki flashi kabla ya kuishtaki programu.

Sababu iliyo nyepesi ni kuichomoa flashi kabla Windows haijamaliza kuandika. Mstari wa kunakili unaweza kufika mwisho kwenye skrini wakati sehemu ya data ingali kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikisubiri kuandikwa, hasa kwenye mashine ambazo mpangilio wa kuandika kwa kuchelewesha umewashwa. Tumia njia ya kutoa kwa usalama, kila mara.

Sababu nzito zaidi ni flashi bandia, ile iliyoandikwa ukubwa mkubwa kuliko ilio nao kweli. Inapokea mafaili bila malalamiko, inaonyesha majina na ukubwa wake sawasawa, lakini kila kilichoandikwa baada ya kikomo chake cha kweli kimepotea au kimeandikwa juu ya kingine. Dalili yake ni kwamba mafaili ya kwanza kunakiliwa yanafunguka na ya baadaye hayafunguki. Programu ya H2testw huijaza flashi nzima kwa data na kuisoma tena, na hapo ukweli hujitokeza. Ondoa kwanza mafaili yako, kisha uiache ifanye kazi hata kama itachukua saa kadhaa. Flashi iliyoshindwa jaribio hilo isitumike tena kubebea kitu chochote cha maana.

Jana ilifanya kazi, leo skini zote zimetoweka

Hili ndilo tatizo ninalolipa uzito mkubwa, kwa kuwa linawapata watu wasio na kosa lolote. Kwa miaka mingi mkoa wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, na hata sasa, katika miezi ya mvua, radi zinapopiga upande wa ziwa umeme unaweza kukatika na kurudi mara kadhaa kwa mchana mmoja. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika papo hapo, na laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa chaja haina tofauti na hiyo ya mezani.

Rainmeter huandika mipangilio yake katika faili liitwalo Rainmeter.ini ndani ya %APPDATA%\Rainmeter, na huliandika kila unaposogeza skini au kuifungua na kuifunga. Umeme ukikatika katika sekunde hiyo, faili linaweza kubaki na jina lake, tarehe yake na hata ukubwa wake, huku ndani yake mkiwa na baiti za sifuri tupu. Watu hushangaa, kwa maana wamesikia kwamba NTFS, mfumo ambao Windows huutumia kupanga mafaili kwenye diski, una jarida la kulinda mafaili. Ni kweli unalo, ila jarida hilo hulinda taarifa kuhusu mafaili, yaani majina, ukubwa na mahali yalipo kwenye diski. Halilindi maudhui yenyewe. Ndiyo maana kompyuta inawaka bila tatizo, ukaguzi wa diski unasema kila kitu ki shwari, na bado faili halina kitu.

Kwa mtumiaji, dalili ni kwamba mpangilio wake wote umepotea na pengine skini za mwanzo za illustro zimejitokeza kana kwamba programu imesakinishwa leo. Usianze kupanga upya. Funga Rainmeter, fungua Rainmeter.ini kwa Notepad, na utazame. Likiwa tupu au limejaa nafasi zisizo na herufi, skini zenyewe huenda ziko salama kabisa ndani ya Documents\Rainmeter\Skins na kilichopotea ni kumbukumbu ya mahali zilipokaa tu. Kama uliwahi kuhifadhi mpangilio kwa kutumia sehemu ya mipangilio katika dirisha la usimamizi la Rainmeter, nakala yake imo ndani ya folda iitwayo Layouts, katika folda hiyo hiyo ya %APPDATA%\Rainmeter, na kuurudisha ni suala la kubofya. Kama hukuwahi, lipe faili bovu jina jingine, washa Rainmeter itengeneze jipya, kisha fungua skini zako moja moja. Usilihariri Rainmeter.ini wakati programu ingali inafanya kazi, kwa maana itaandika juu ya marekebisho yako inapofungwa.

Herufi za ajabu kwenye skini iliyokuwa safi

Skini ya hali ya hewa inapoonyesha Â° mahali pa alama ya nyuzi, wengi husema faili limeharibika. Halijaharibika. Faili la skini ni maandishi ya kawaida, na limehifadhiwa kwa usimbaji, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa namba, ambao Rainmeter haiusomi inavyotakiwa. Tangu toleo la 1903 la Windows 10, Notepad huhifadhi faili jipya kwa UTF-8 isiyo na alama ya mwanzoni, nayo Rainmeter huyachukulia maandishi hayo kama ya mfumo wa zamani wa ANSI. Fungua faili la .ini la skini hiyo, rudisha alama iliyovurugika, kisha uhifadhi upya ukichagua UTF-16 LE katika orodha ya usimbaji iliyo chini ya dirisha la kuhifadhi. Isomeshe upya skini na alama itakaa sawa.

Sehemu ya skini haipo, au faili lipo lakini halifunguki

Hapa fungua logi ya Rainmeter, inayopatikana kwenye dirisha lake la taarifa, kwa sababu inataja jina la kila faili lililokosekana. Likiwa faili la .dll, tazama historia ya antivirusi yako. Huenda imelitia karantini bila kukushtua. Kulirudisha ni uamuzi unaohitaji kujua chanzo chake. Binafsi ningelirudisha tu kama alama yake ya SHA-256 inalingana na ile ya mwandaaji.

Kikwazo kingine ni OneDrive. Kwenye kompyuta nyingi za sasa folda ya Documents imehamishiwa ndani ya OneDrive, na mafaili ambayo hayajatumika muda mrefu yanaweza kubaki kama majina tu kwenye diski, maudhui yake yakiwa kwenye seva. Bando likiisha, programu inaliona faili, inajaribu kulisoma, na inashindwa. Alama ya wingu pembeni mwa jina la faili ndiyo itakayokuambia. Bofya kulia kwenye folda ya Rainmeter na uchague ibaki kwenye kifaa hiki daima, ukiwa na mtandao wa kutosha. Lililo bora zaidi ni kuhamisha skini nje ya OneDrive na kubadilisha mstari wa SkinPath ndani ya Rainmeter.ini uelekee kwenye folda mpya.

Picha nyeusi na aikoni nyeupe

Haya mawili ni mepesi. Picha ya eneokazi ikigeuka nyeusi ingawa faili lake la asili linafunguka, kilichoharibika ni nakala ambayo Windows hujitengenezea katika %APPDATA%\Microsoft\Windows\Themes, iitwayo TranscodedWallpaper. Ifute pamoja na yaliyomo katika folda ya CachedFiles, kisha uchague picha upya. Aikoni zikigeuka karatasi nyeupe, funga Explorer kupitia Task Manager, futa mafaili yanayoanza na iconcache katika %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Windows\Explorer, kisha uianzishe upya kompyuta. Windows huyatengeneza mwenyewe.

Mtindo wa madirisha umebadilishwa na Windows imesasishwa

Mitindo ya madirisha hukaa katika mafaili ya .msstyles ndani ya C:\Windows\Resources\Themes, na Windows hukubali yale tu yenye saini ya Microsoft. Anayetaka mtindo wa mtu mwingine hulazimika kuurekebisha mfumo wenyewe ili uache kukagua saini hiyo. Sasisho kubwa linapofika hurudisha mafaili ya asili, au hubadilisha muundo ambao mtindo wa zamani uliutegemea, na matokeo yake ni madirisha yasiyo na kingo au skrini nyeusi baada ya kuingia. Simshauri mtu yeyote kufanya badiliko hilo kwenye kompyuta ya kazi, hasa ile ya biashara ambayo wateja wanaisubiri.

Kama limeshatokea, ingia kwa hali salama, rudi kwenye mandhari ya asili, kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, na baada ya hapo sfc /scannow. Amri ya kwanza hutengeneza ghala ambalo amri ya pili hulitegemea kupata mafaili mazima, kwa hiyo mpangilio huo usigeuzwe. DISM huchota data kutoka mtandaoni. Ukiwa na diski ya kusakinishia yenye toleo lile lile la Windows, iokoe bando yako kwa kuongeza /Source:wim:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess mwishoni, ukibadilisha D kuwa herufi ya diski yako na kuhakikisha namba ya mwisho inaelekeza kwenye toleo lako.

Kila unachotengeneza kinaharibika tena

Uharibifu unaporudi kwenye mafaili tofauti, acha kulaumu skini. Fungua Event Viewer utazame matukio ya mfumo: tukio namba 7 la diski linaonyesha sehemu mbovu ya diski, na namba 55 la NTFS linaonyesha kwamba muundo wa mafaili umeharibika. CrystalDiskInfo itakuonyesha kama diski imeanza kuhamisha data kutoka kwenye sehemu zake mbovu au ina sehemu zinazosubiri kuhamishwa. Ukikuta hivyo, nakili kazi za mwenye kompyuta kwanza, kabla ya amri yoyote ya ukaguzi, kwa kuwa chkdsk C: /r husoma diski nzima, na diski dhaifu inaweza kufia hapo. Diski ikiwa na afya na umeme ndio uliokatika, chkdsk C: /f inatosha, itakuomba ruhusa ya kufanya kazi wakati wa kuwasha upya.

Inabaki kumbukumbu ya RAM, ambayo mafundi wengi huisahau. Endesha certutil juu ya faili moja kubwa mara kadhaa bila kuligusa. Faili lile lile kwenye diski yenye afya lazima litoe alama ile ile kila mara. Likitoa alama tofauti, kinachobadilika si faili bali ni mahali linaposomewa. Andika mdsched.exe, ruhusu kompyuta ijiwashe upya na ijipime, na kama ina vipande viwili vya RAM, jaribu kimoja kimoja mpaka ukipate kinachokosea. Kikishaondolewa, futa na usakinishe tena vile tu vilivyosakinishwa wakati kipande hicho kilikuwa ndani, kwa kuwa hivyo huenda viliandikwa kwenye diski vikiwa tayari na makosa.